UZI: Kubadilisha giaboksi ya oto kwenye GX100 na gari nyingine zinazovuta nyuma (tuliopo Dodoma)

Mzee_wa_Nkuhungu

Wakuu habari zenu. Gari ni Mark II GX100 ya 1997, injini 1G-FE ya zamani isiyo na VVT-i, oto ya gia nne. Gia ya kwanza na ya pili zinakwenda vizuri. Ikifika ya tatu injini inapiga kelele, mshale wa RPM unapanda, mwendo hauongezeki. Rivasi inachelewa kushika, na sehemu yenye mwinuko kidogo inakataa. Oili imekuwa nyeusi, inanuka kuungua. Fundi mmoja anasema ni solenoidi (valvu ya umeme ya ndani ya boksi), mwingine anasema nibadilishe boksi zima. Kabla sijaagiza boksi kutoka Dar, naomba wenye ujuzi mnipe mtiririko wote: nipime nini, ninunue nini, na kazi yenyewe inakwendaje. Gari lipo nyumbani Nkuhungu.

FundiKizota

Mkuu, kwenye boksi hizi za Aisin za gia nne (A42DE yako na familia ya A340), gia ya tatu na rivasi zinatumia seti moja ya pleti za klachi. Pleti hizo zikiisha, ya tatu inateleza, ya nne inateleza, rivasi inachoka, huku ya kwanza na ya pili ziko salama. Ndiyo hali uliyoeleza. Ukijumlisha oili nyeusi yenye harufu, sioni solenoidi hapo.

Lakini usilishushe boksi kwa maneno yangu. Kuna kipimo kisicho na gharama. Zima gari, chomoa soketi ya solenoidi ubavuni mwa boksi, kisha endesha taratibu barabara isiyo na watu. Soketi ikiwa nje, kontrol boksi (kompyuta ya gari) haina tena mamlaka, boksi linafuata mkono wako tu: L inakupa gia ya kwanza, 2 inakupa gia ya tatu, D inakupa ya nne. Weka 2, kanyaga polepole. Ikiteleza hapo, tatizo liko ndani ya boksi na hakuna waya utakaoliponya. Ikishika vizuri, boksi ni zima, tafuta kwenye umeme. Ukimaliza rudisha soketi na ufute kodi za hitilafu zitakazokuwa zimeandikwa.

Watu wengi hapa mjini wameuziwa boksi wakati kilichokufa ni waya.

waya_na_pini

Naongezea upande wa umeme. Kabla ya kuchomoa chochote soma kodi. Fungua kisanduku cha diagnosi pale kwenye injini, unganisha pini za TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, na kitufe cha O/D (ovadraivu, yaani gia ya nne) kiwe kimebonyezwa ndani. Taa ya O/D OFF itapepesa. Ikipepesa mfululizo kwa kasi moja, hakuna kodi. Ikihesabu: 42 ni sensa ya spidi ya upande wa dashibodi, 61 ni sensa ya spidi iliyo kwenye boksi, 62 ni solenoidi namba 1, 63 ni namba 2, 64 ni ile ya kufungia konveta (kile kikombe cha oili kati ya injini na boksi).

Solenoidi unaipima kwa mita kati ya pini yake na bodi ya boksi, itoe omu 11 hadi 15. Sifuri ni shoti, na mita isiposogea waya wa ndani umekatika. Ikumbukwe kuwa solenoidi inaweza kusoma omu sahihi na bado valvu yake imekwama kwa uchafu. Iguse kwa umeme wa betri, usikie inagonga.

Kufuta kodi: chomoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika.

Binti_Ipagala

Kaka FundiKizota, naomba kuuliza la kununua. Boksi za mtumba zote zinasafishwa kwa dizeli zikang'aa. Mtu atajuaje zuri?

FundiKizota

Dada, mng'ao wa nje usiuangalie kabisa. Mwambie muuzaji afungue sampu (trei ya oili chini ya boksi) mbele yako. Bolti ni ndogo, spana namba 10, kazi ya dakika chache, na akikataa ondoka. Ndani ya sampu kuna sumaku. Tope laini la kijivu juu ya sumaku ni kuchakaa kwa kawaida. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa kidole, chembe za rangi ya shaba, au magamba meusi ya pleti yaliyotapakaa chini ya sampu, hilo boksi limekwisha. Nusa oili iliyobaki ndani. Harufu ya kuungua haifichiki.

Halafu zungusha shafti ya nyuma kwa mkono. Mkono wa gia ukiwa P, ifunge kabisa. Ukiwa N, izunguke bila kukwaruza.

Muhimu zaidi, boksi lije na vitu vyake: konveta yake, bomba la kijiti cha kupimia, swichi ya gia ya ubavuni, waya wa kikidauni (unaotoka kwenye throto kuja kwenye boksi), na soketi zote zikiwa nzima. Soketi iliyokatwa waya kwa plaizi ni matatizo ya mwezi mzima. Na konveta ya zamani usiirudishe hata kama inaonekana nzuri. Mabaki ya pleti zilizoungua yamekaa ndani yake, imechomelewa, haifunguki, huwezi kuisafisha ukawa na uhakika. Ukiiweka kwenye boksi jipya umelilisha uchafu wa lile lililokufa.

Soma sahani ya gari lako kwenye mstari wa TRANS/AXLE, ulinganishe na boksi unalouziwa. Ukiona 30-40LE ujue ni familia ya A340. Boksi la 1JZ haliingii kwenye 1G kwa sababu matundu ya nyumba ya konveta hayalingani, hata kama magari kwa nje ni pacha. La gia tano la Brevis usilifikirie, linataka kontrol boksi yake na waya zake.

dereva_wa_Manyoni

Na kwa nini usitupe oto uweke manyuo (gia za mkono) kabisa? Spea zipo na huku barabara ya Singida inataka gari la uhakika.

FundiKizota

Inawezekana, ila si kubadilisha boksi tena. Unahitaji pedali ya klachi, silinda zake mbili, flaiwili nzito, propela ya urefu mwingine, na kutafutia ufumbuzi kontrol boksi inayotarajia oto. Uzi huu tuuache kwenye oto.

Sasa kazi yenyewe.

Gari likae juu ya stendi nne imara, si jeki peke yake, na uwe na nafasi ya kutosha chini. Boksi na konveta yake yenye oili ni kilo 70 hivi, na linatoka likiinamia upande wa mbele. Tumia jeki ya giaboksi au jeki ya magurudumu yenye ubao mpana, na watu wawili.

Toa betri hasi. Juu kwenye injini ondoa waya wa kikidauni kwenye throto na bolti ya bomba la kijiti. Chini mwaga oili. Weka alama ya rangi kwenye flenji ya propela na ya difu kabla ya kufungua, maana ukiirudisha upande tofauti gari linaweza kutetemeka kuanzia kilomita 80 na utalaumu boksi. Fungua bolti nne za nyuma, fungua beringi ya katikati, vuta propela. Ziba tundu la nyuma la boksi kwa mfuko na mpira, vinginevyo litamwaga oili iliyobaki usoni kwako.

Fuata egzosi ya mbele, mkono wa gia, mabomba mawili ya kupozea oili. Kwenye mabomba tumia spana mbili, moja ishike na nyingine izungushe, la sivyo bomba linajikunja. Chomoa soketi: solenoidi, swichi ya gia, sensa za spidi. Zipigie picha kwanza. Toa stata.

Konveta imefungwa kwenye flaiwili kwa bolti sita. Unazifikia kupitia dirisha dogo, moja baada ya nyingine, mwenzako akizungusha injini kwa bolti ya puli ya mbele. Wengi wanasahau hatua hii, wanavuta boksi, konveta inabaki kwenye injini na sili ya pampu inachanika.

Shikilia injini chini ya sampu yake kwa jeki yenye ubao, weka jeki nyingine chini ya boksi, toa mauntingi ya nyuma na chuma chake. Hapo ndipo unashusha mkia wa boksi polepole ili ufikie bolti za juu. Injini ya silinda sita za mstari ni ndefu, hizo bolti ziko karibu na ukuta wa kabini, hazifikiki mpaka mkia ushuke na uwe na ekstensheni ndefu, nusu mita au zaidi, yenye kiungo kinachokunja. Wakati unashusha, mtu abaki juu aangalie feni isiguse rejeta na mipira ya hita isivutike. Toa bolti zote, tenganisha kwa bisibisi pana kwenye pini za kuongozea, boksi lirudi nyuma sawasawa. Konveta ifungwe kwa waya isidondoke.

Binti_Ipagala

Boksi likiwa nje, kuna vitu vya kubadilisha kwa sababu tu umeshafika?

FundiKizota

Ndiyo dada, na ni vya bei ndogo ukilinganisha na kazi ya kushusha tena. Sili ya nyuma ya krenki, sili ya pampu pale mbele ya boksi, sili ya mkia inapoingia propela, filta na gasketi ya sampu. Kagua flaiwili ile nyembamba ya oto kama ina ufa kuzunguka matundu ya katikati. Ufa huo unagonga kama kifimbo cha injini na watu huishia kufungua injini bure. Mauntingi ya nyuma ikiwa imechanika, badili.

Bolti za sampu zinakazwa kwa nguvu ndogo sana, 7.4 Nm. Ukizikaza kwa hasira sampu inajikunja na gasketi inavuja hapo hapo.

Mzee_wa_Nkuhungu

Nimefanya kipimo cha soketi. Kwenye 2 inateleza vilevile, kwenye D haisogei kabisa. Kodi hakuna. Kwa hiyo boksi. Naomba sasa upande wa kurudisha, hasa konveta, maana naambiwa ndipo mafundi wengi wanapoharibu.

FundiKizota

Umeambiwa kweli, na hapa naomba mnisome taratibu.

Simamisha konveta, mimina lita moja ya ATF (oili ya giaboksi ya oto) ndani yake. Paka ATF kwenye shingo. Iingize kwenye shafti huku unaizungusha na kuisukuma. Lazima ishuke mara tatu: shafti ya kuingiza, kisha stata ya ndani (si ile ya kuwashia injini), kisha meno ya pampu ya oili. Hatua ya tatu ndiyo inayokosewa. Ikishuka mara mbili tu, kwa macho inaonekana imekaa. Weka rula pana juu ya mdomo wa nyumba ya konveta, pima umbali kutoka rula hadi kwenye masikio ya bolti, toa konveta, rudisha, pima tena. Kipimo kikibadilika, mara mojawapo haikuwa imefika.

Unapounganisha na injini, boksi lisukumwe kwa mikono mpaka nyuso mbili zigusane zote kwa kuzunguka. Kukiwa na nafasi ya hata milimita 5 isiyofunga, SIMAMA. Usiivute kwa bolti. Ukiivuta, konveta inasukuma gia ya pampu, pampu inapasuka, na utawasha gari lisilo na D wala R. Boksi zima linakufa kabla halijatembea mita moja.

Likishafunga vizuri, konveta iweze kuzunguka kwa mkono na iwe nyuma ya flaiwili kwa milimita chache. Unaivuta mbele mpaka iguse, ndipo unafunga bolti sita, zote kwa mkono kwanza halafu unakaza. Ukikuta konveta tayari inabana kwenye flaiwili kabla ya bolti, kuna kitu hakijakaa. Toa.

waya_na_pini

Kurudisha soketi: sensa mbili za spidi zinaweza kufanana. Ukizibadilishana unapata kodi 42 au 61 na gia zinazobadilika ovyo. Na swichi ya gia ubavuni, ilegeze, weka mkono wa gia N, panga mstari wa swichi na mfereji wake, kaza. Gari likipiga stata kwenye N tu na kukataa P, au taa za rivasi zikawaka kwenye D, ni hiyo.

fundi_rejeta_Chamwino

Wakuu, hamjagusa kipozeo. Oili ya boksi inapita ndani ya tangi la chini la rejeta. Pleti zilizoungua zimeshapeleka magamba huko. Ukifunga boksi jipya bila kusafisha, oili ya kwanza inayorudi inabeba takataka zote.

Toa mabomba pande zote mbili. Pitisha mafuta ya taa kinyume na mwelekeo wa kawaida mpaka yatoke meupe, puliza hewa ya kompresa kwa presha ndogo mpaka pakauke, kisha pitisha nusu lita ya ATF mpya kuondoa mabaki ya mafuta ya taa. Mafuta ya taa yasibaki, yanaharibu pleti.

Kama oili ya zamani ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, rejeta imetoboka ndani na maji yameingia kwenye boksi. Hapo badili rejeta. Maji yanabandua gundi ya pleti, na boksi jipya halitamaliza msimu.

Kwa huku kwetu nashauri kipozeo cha nje cha ziada, kifungwe mbele ya kondensa, kwenye bomba linalotoka rejeta kurudi kwenye boksi. Oktoba na Novemba jua la Dodoma halina huruma, na gari linalopanda Nyang'oro kwenda Iringa au vilima vya Bereko likiwa na abiria watano, konveta inateleza muda mrefu na joto lote linaingia kwenye oili. Vumbi la barabara za pembezoni linaziba mapezi ya rejeta. Lioshe kwa maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, siyo kinyume.

dereva_wa_Manyoni

Oili ipi? Dukani wanatoa haidroliki nyekundu yoyote.

FundiKizota

Soma maandishi kwenye kijiti cha boksi lililoingia, siyo lililotoka. A42DE na A340E za miaka hiyo ni Dexron II au III. Kijiti kikiandikwa T-IV, nunua T-IV, usichanganye.

Andaa lita 8 ili usikwame. Boksi kavu na kipozeo linachukua takriban 6.5 hadi 7.5 kutegemea aina. Weka lita 4 kwanza, washa, acha silensa (bila kukanyaga mafuta), ongeza polepole. Pitisha mkono wa gia kila nafasi, P mpaka L na kurudi, ukisubiri kidogo kila sehemu, mguu kwenye breki. Endesha ipate moto, kisha pima injini ikiwaka, mkono kwenye P, kwenye alama za HOT. Kuzidisha kuna madhara sawa na kupunguza: gia zinachapa oili ikawa povu, na pampu haiwezi kujenga presha kwa povu.

Halafu waya wa kikidauni. Kwenye boksi hizi kazi yake kubwa ni kupanga presha ya oili kulingana na mguu wako. Ukiwa umelegea, presha iko chini, gia zinaingia laini sana na mtu anafurahi, kumbe pleti zinateleza kila badiliko na zinaungua. Mwenzako akanyage mafuta mpaka mwisho. Pima kati ya mdomo wa kifuniko cha mpira na kile kikomo kidogo kilichobanwa kwenye waya: iwe milimita 0 hadi 1. Nathubutu kusema boksi nyingi za mtumba zinazokufa mapema mjini hapa zinauawa na waya huu, si na uzee.

Binti_Ipagala

Na gari likifia njiani, tuseme Kibaigwa, linavutwaje mpaka mjini?

FundiKizota

Tairi za nyuma zinyanyuliwe, au propela itolewe, au lipande kwenye lori la kubebea magari. Pampu ya oili inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na tairi za nyuma zinazunguka, ndani ya boksi hakuna oili inayotembea, na umbali huo unatosha kuunguza bushi zake.

Mzee_wa_Nkuhungu

Wakuu, boksi limefungwa, konveta imeshuka mara tatu, rejeta imesafishwa. Gia zote zinaingia na ya tatu inashika. Shida moja: kutoka N kwenda D inachukua kama sekunde 2 kabla ya kushika, na R ni zaidi ya 2. Muuzaji anasema nitazoea.

FundiKizota

Usizoee mkuu. Kipimo ni hiki: oili iwe na joto la nyuzi 50 hadi 80, injini silensa, kiyoyozi kimezimwa, breki ya mkono. N kwenda D isizidi sekunde 1.2, N kwenda R isizidi 1.5. Pima mara tatu, ukipumzika dakika moja kila mara, chukua wastani.

D peke yake ikichelewa, ni klachi ya mbele. R peke yake ikichelewa, ni zile pleti za ya tatu au breki ya rivasi. Zote mbili zikichelewa kama zako, presha nzima ya boksi iko chini, na hiyo mara nyingi ni kitu cha nje: oili pungufu, waya wa kikidauni, au filta iliyofungwa vibaya inayovuta hewa. Anza na oili ikiwa ya moto, halafu pima waya.

Mzee_wa_Nkuhungu

Oili iko sawa kwenye HOT. Waya, throto ikiwa wazi kabisa, kikomo kimebaki ndani ya mpira, milimita 6 hivi kutoka mdomoni.

FundiKizota

Hapo. Legeza nati mbili za kwenye braketi, vuta ganda la nje la waya mpaka ibaki 0 hadi 1 throto ikiwa wazi, kaza nati huku unaangalia isiteleze. Achia mafuta, hakikisha waya haushikilii throto. Rudia kipimo cha sekunde. Ikibaki zaidi ya 1.2, fungua plagi ya kupimia presha ubavuni, funga geji, tuone namba kabla hujaendesha tena. Ikishuka ndani ya kiwango, tembea kilomita 1,000 bila kubeba mzigo mzito, mwaga oili ya kwenye sampu, ambayo itakuwa takriban lita 2, fungua sampu uangalie sumaku, weka oili mpya kiasi kile kile kilichotoka. Dhamana ya muuzaji ikiwa fupi kuliko hapo, fungua sampu kabla haijaisha.